Mzigo Usioshushwa Njiani: Historia ya sendfile

sendfile ni fanksheni ya maktaba ya C inayotuma data ya faili kwenye soketi ya mtandao bila data hiyo kupita mikononi mwa programu iliyoomba itumwe. Programu hutoa agizo moja: faili ni hili, soketi ni hii, anzia hapa, tuma baiti kiasi hiki. Kazi inayobaki hufanywa na kerneli, yaani kiini cha mfumo endeshi. Katika Linux fanksheni hii ina vigezo vinne tu. Hata hivyo imechukua zaidi ya miaka ishirini kufikia umbo lake la leo, na kila hatua ya safari hiyo imezunguka swali moja: kwa nini mzigo ushushwe mahali ambapo hakuna anayeuhitaji?

Mikono minne

Mfumo wa Unix, ulioanza Bell Labs nchini Marekani mwaka 1969, ulijengwa juu ya wazo jepesi kwamba vitu vingi visomwe na kuandikwa kwa njia ileile. Faili la diskini na mashine ya kuchapia vilifikiwa kwa miito miwili, read na write. Mwaka 1983 Chuo Kikuu cha California, Berkeley, kilitoa 4.2BSD, toleo la Unix lenye soketi, yaani mlango wa programu kwenda mtandaoni, na mtandao nao ukaingia katika utaratibu huo. Tangu hapo aliyetaka kutuma faili kwa mashine nyingine alikuwa na njia iliyonyooka: asome kipande cha faili, akiandike kwenye soketi, arudie mpaka faili liishe.

Njia hiyo ni sahihi na hadi leo hufundishwa darasani. Gharama yake haionekani kwa anayeisoma programu, kwa sababu imejificha ndani ya mashine. Kwanza, diski hupeleka data kwenye kumbukumbu ya kerneli. Pili, prosesa huinakili kutoka huko hadi kwenye bafa ya programu, yaani eneo lake la muda la kumbukumbu. Tatu, programu inapoita write, prosesa huinakili data ileile kuirudisha ndani ya kerneli, safari hii kwenye bafa ya soketi. Nne, kadi ya mtandao huichukua na kuitoa nje. Hatua ya kwanza na ya nne hufanywa na vifaa vyenyewe huku prosesa ikishughulika na mambo mengine. Hatua ya pili na ya tatu hula muda wa prosesa moja kwa moja.

Hesabu ndogo inatosha kuonyesha ukubwa wa jambo. Chukua faili la megabaiti 80 linalotumwa kwa bafa ya kilobaiti 8. Mzunguko wa kusoma na kuandika utarudiwa mara 10,240, nayo miito ya kerneli itafika 20,480. Kila mwito ni safari ya kutoka kwenye programu, kuingia kwenye kerneli na kurudi. Mpaka faili liishe, prosesa itakuwa imenakili megabaiti 160, na programu yenyewe haijabadilisha hata baiti moja.

Behewa la Mwanza Kusini

Kwenye ufukwe wa Ziwa Victoria tatizo la namna hii lilikuwa limepata jibu miongo mitatu kabla ya wahandisi wa kompyuta kulivalia njuga. Reli kutoka Tabora ilifika Mwanza mwaka 1928, na mji ukawa mahali ambapo treni na meli hupokezana mizigo. Mzigo wa kwenda Kenya au Uganda ulishushwa kutoka behewani, ukawekwa ghalani, kisha ukabebwa tena hadi melini. Ng'ambo ya ziwa kazi ilianza upya kinyumenyume: kutoka melini hadi ghalani, kutoka ghalani hadi behewani. Kila mshuko ulikuwa na muda wake, ujira wake, na hatari yake ya gunia kupasuka au kupotea.

Katikati ya miaka ya 1960 Shirika la Reli na Bandari la Afrika Mashariki lilileta meli mbili za kubeba mabehewa, MV Umoja na MV Uhuru, zilizojengwa na kampuni ya Yarrow ya Glasgow, Uskoti. Sakafuni mwa meli hizo mna reli. Gatini, katika Bandari ya Mwanza Kusini, wilayani Nyamagana, daraja la kuunganishia hulinganisha reli ya nchi kavu na reli ya melini. Injini ya treni husukuma mabehewa polepole hadi ndani, yanafungwa yasisogee, na meli inang'oa nanga. MV Umoja huchukua mabehewa 22. Ikifika Kisumu, Jinja au Port Bell, behewa hutolewa kwa magurudumu yake yenyewe na kuendelea na safari. Kilichomo ndani hakijaguswa na mtu.

Utaratibu huo uliwezekana kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba reli za Tanganyika, Kenya na Uganda zote zilikuwa na upana mmoja, mita moja kamili. Ya pili ni kwamba mzigo wenyewe haukuhitaji kufunguliwa njiani. Sababu hizo mbili, upana mmoja wa reli na mzigo usiofunguliwa, ndizo pia zinazoeleza mahali ambapo sendfile imefaulu na mahali ambapo imekwama.

Wavuti yaongeza mzigo

Kwa muda mrefu gharama ya kunakili mara mbili haikumsumbua mtu, kwa kuwa waya wa mtandao ulikuwa wa polepole kuliko prosesa. Hali ilibadilika katika miaka ya 1990. Wavuti ilienea, seva ya Apache ikatoka mwaka 1995, na kompyuta moja ikaanza kutumikia mamia ya watu kwa wakati mmoja. Sehemu kubwa ya kazi ya seva hizo ilikuwa ya aina moja: kuchukua picha au ukurasa diskini na kuutoa ulivyo.

Jaribio la kwanza la kupunguza gharama lilitumia mmap, mwito unaolifanya faili lionekane kana kwamba ni sehemu ya kumbukumbu ya programu. Programu huita mmap, kisha huita write ikielekeza kwenye eneo hilo, na nakala moja kati ya mbili inaondoka. Lakini njia hiyo ina madhara yake. Kupanga na kupangua ramani za kumbukumbu kwa kila faili ni kazi nzito kwa kerneli. Isitoshe, faili likipunguzwa na programu nyingine wakati linatumwa, programu inayogusa sehemu iliyokatwa huweza kupigwa ishara ya SIGBUS na kuanguka papo hapo.

Ikaonekana kwamba suluhisho safi ni kuiachia kerneli kazi yote. Microsoft iliweka katika Windows NT fanksheni iitwayo TransmitFile. Hewlett-Packard nao waliweka sendfile katika HP-UX, mfumo wao wa Unix. Majina yalitofautiana, agizo lilikuwa moja: faili lipelekwe kwenye soketi, programu ingoje jibu tu.

FreeBSD na Linux

Mwishoni mwa miaka ya 1990 wazo hilo liliingia katika mifumo huru. Katika FreeBSD lilitokea na toleo la 3, na mwongozo wa mfumo huo unamtaja David G. Greenman kuwa ndiye aliyeandika utekelezaji wa kwanza. Greenman alishauriana na Marc Slemko wa Kundi la Apache, kwa sababu waandishi wa seva ya Apache walikuwa na malalamiko juu ya sendfile za mifumo mingine. Linux iliipata katika toleo la 2.2, lililotoka Januari 1999, na faili la vichwa sys/sendfile.h likaingia katika maktaba ya C ya GNU kuanzia toleo la 2.1 la maktaba hiyo.

Lalamiko kubwa lilihusu kichwa cha HTTP. Seva ya wavuti haitumi faili tupu. Hutanguliza mistari michache inayosema hali ya jibu, aina ya data na urefu wake. Katika Linux mistari hiyo huandikwa kwanza kwa write, ndipo sendfile ifuate. Matokeo yake, pakiti ndogo yenye kichwa pekee ingeweza kuondoka mbele ya faili, kama treni inayoondoka stesheni na behewa moja. FreeBSD iliruhusu kichwa na mkia vitolewe ndani ya mwito uleule wa sendfile. Linux ilichagua kuiacha fanksheni iwe nyepesi na kuweka chaguo la soketi liitwalo TCP_CORK, linaloiagiza kerneli izuie pakiti ambazo hazijajaa mpaka programu iruhusu. Njia zote mbili zinafanya kazi, ila programu iliyoandikwa kwa moja haiendi kwa nyingine bila kubadilishwa.

Tofauti inaonekana hata kwenye mpangilio wa vigezo. Katika Linux mwito huandikwa hivi: sendfile(out_fd, in_fd, offset, count). Mahali pa kupeleka panatangulia, chanzo kinafuata. Katika FreeBSD huandikwa: sendfile(fd, s, offset, nbytes, hdtr, sbytes, flags). Hapo chanzo kinatangulia na soketi inafuata, kisha vinakuja vichwa, mahali pa kuandika idadi ya baiti zilizotumwa, na bendera. Solaris iliiweka katika maktaba ya pembeni iitwayo libsendfile. Mac OS X 10.5 ya mwaka 2007 ilifuata mtindo wa FreeBSD, lakini ikaufanya urefu uingie na kutoka kupitia kigezo kimoja. Kiwango cha POSIX hakina sendfile kabisa. Kwa lugha ya reli, kila nchi ilitandika njia yake kwa upana wake, na mwandishi wa programu ndiye aliyebaki mpakani akihamisha mzigo.

Nakala ya mwisho yaondoka

sendfile ya kwanza ya Linux ilipunguza miito na kuondoa safari ya kwenda kwenye programu na kurudi, lakini prosesa ilikuwa bado inanakili mara moja ndani ya kerneli, kutoka kwenye akiba ya kurasa za faili hadi kwenye bafa ya soketi. Sababu ilikuwa vifaa. Kadi nyingi za mtandao zilitaka pakiti nzima ipangwe mahali pamoja kwenye kumbukumbu, tena prosesa ilikuwa lazima ipitie kila baiti ili kukokotoa namba ya uhakiki ya TCP.

Kadi mpya ziliweza kukusanya vipande vya pakiti kutoka sehemu mbalimbali za kumbukumbu na kukokotoa namba ya uhakiki zenyewe. Mwaka 2001 kazi ya David S. Miller na Alexey Kuznetsov iliingia katika Linux 2.4.4, na kuanzia hapo kerneli iliweza kuipa kadi anwani ya ukurasa wa faili badala ya nakala yake. Kwa kadi inayofaa, hakuna tena baiti ya faili inayonakiliwa na prosesa. Behewa lilikuwa limepanda melini.

Toleo la 2.4 lilileta pia sendfile64, kwa sababu mwito wa awali haukuandaliwa kwa faili kubwa kwenye mashine za biti 32. Mpaka mwingine umebaki hadi leo: katika Linux mwito mmoja hautumi zaidi ya baiti 2,147,479,552, hata kwenye mashine ya biti 64. Aliye na faili kubwa zaidi hana budi kurudia.

Mwaka 2006 Jens Axboe aliongeza splice katika Linux 2.6.17, mwito mpana zaidi unaohamisha data kati ya faili, soketi na bomba la kerneli. Toleo la 2.6.23 likaijenga sendfile upya juu ya mitambo ya splice, na toleo la 2.6.33 la mwaka 2010 likaruhusu mwisho wa safari uwe faili lolote badala ya soketi peke yake. Wakati huohuo fanksheni hii ilikuwa inatumika na watu wengi ambao hawakuwahi kuandika mstari wa C. Java ilipata transferTo mwaka 2002. Seva ya nginx ya Igor Sysoev, iliyotoka 2004, huiwasha kwa neno moja kwenye faili la mipangilio. Kafka, mfumo wa kupitishia ujumbe uliotoka LinkedIn mwaka 2011, huitumia kutoa rekodi zake za ujumbe diskini hadi kwa wasomaji.

Ajali na tahadhari

Kuondoa nakala huondoa pia kinga. Nakala hubaki ilivyo hata faili la asili likibadilishwa, lakini ukurasa unaoshirikiwa hubadilika pamoja na faili. Mwaka 2005 FreeBSD ilitoa onyo la usalama: faili likipunguzwa wakati sendfile inalituma, mfumo ungeweza kujaza pengo kwa vipande vya kumbukumbu ya kerneli na kuvipeleka kwa mtu wa nje. Vipande hivyo vingeweza kuwa na nywila. Mwaka 2009 Tavis Ormandy na Julien Tinnes walionyesha kwamba baadhi ya aina za soketi katika Linux hazikuwa zimejaza sehemu ya kerneli inayoitwa na sendfile, na kwamba mtumiaji wa kawaida angeweza kuutumia mwanya huo kujipa mamlaka yote ya mashine. Dosari zote mbili zilizibwa.

Zipo pia hitilafu ndogo zinazomchosha msimamizi wa seva. Faili likiwa kwenye diski ya mtandao, kerneli huenda isijue kwamba limebadilishwa kwenye mashine nyingine. Watumiaji wa folda za pamoja za VirtualBox wamewahi kukuta nginx ikiendelea kutoa faili la zamani baada ya wao kulihariri. Kwa sababu kama hizo Apache 2.4, iliyotoka 2012, huja na sendfile ikiwa imezimwa mpaka msimamizi aiwashe mwenyewe.

Mtihani mkubwa kuliko yote ulitoka kwenye usalama wa wavuti. Tovuti zilipohamia HTTPS, kila baiti ilipaswa kufichwa kwa hesabu kabla ya kutoka, na ufichaji ulifanywa ndani ya programu. Mzigo ukawa unahitaji kufunguliwa njiani, na faida ya sendfile ikapotea. Netflix, inayotoa video zake kwa seva za FreeBSD, ilijibu kwa kuuhamishia ufichaji wenyewe ndani ya kerneli na kueleza kazi hiyo hadharani mwaka 2015. FreeBSD 11 ikapata sendfile mpya isiyoisubirisha programu wakati diski inasomwa, iliyoandikwa na Gleb Smirnoff. Linux nayo ilipokea ufichaji wa TLS, ule unaotumiwa na HTTPS, ndani ya kerneli katika toleo la 4.13 la mwaka 2017. Januari 2016 Netflix ilipofungua milango katika nchi zaidi ya 130 kwa mpigo, Tanzania ikiwamo, video zake zilitoka kwenye seva hizo za FreeBSD.

Mkongo wafika ziwani

Umuhimu wa sendfile katika mji kama Mwanza ulitegemea waya. Kabla ya mikongo ya baharini, sehemu kubwa ya intaneti ya Afrika Mashariki ilipitia setilaiti. Kwenye njia ya kilobiti 512 kwa sekunde, faili lile la megabaiti 80 huchukua kama dakika 22. Prosesa ikinakili megabaiti zake 160 hutumia sehemu ya sekunde tu. Mbele ya dakika 22, hakuna ambaye angeihisi tofauti.

Mkongo wa SEACOM ulifika Dar es Salaam Julai 2009, EASSy ukafuata mwaka 2010, na Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano unaosimamiwa na shirika la simu la TTCL ukaivuta njia hiyo hadi mikoani, Mwanza ikiwamo. Kwenye njia ya gigabiti moja kwa sekunde, faili lilelile huisha kabla sekunde moja haijatimia. Hapo kunakili mara mbili si jambo la kupuuza tena, hasa seva inapotumikia mamia ya wanafunzi wanaopakua mihadhara kwa wakati mmoja kote Mwanza, kutoka Nyegezi hadi Bugando. Waya ukipata kasi, kikwazo huhama kutoka nje ya mashine kuingia ndani yake. Seva ya bei nafuu ikiwa na sendfile huweza kubeba mzigo ambao bila hiyo ungedai mashine kubwa zaidi.

Meli zilizotangulia kufundisha somo hili zilipata misukosuko yake. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, MV Umoja ilibaki Tanzania na MV Uhuru ikabaki Kenya, na baadaye ikapita miaka kadhaa bila mabehewa kuvuka kutoka Mwanza kwenda Port Bell. Mwaka 2018 MV Umoja ilirudi kwenye njia hiyo ikiwa na shehena ya Shirika la Mpango wa Chakula Duniani. Reli ya melini ilikuwa ingali na upana wa mita moja, na reli ya Uganda vilevile, kwa hiyo behewa lilipita.

Anayeandika programu ya kutuma faili leo anaweza kuitegemea sendfile pale ambapo data inatoka kama ilivyoingia. Akague kila mara idadi ya baiti zilizorudishwa na mwito, kwa kuwa zinaweza kuwa pungufu ya alizoomba, kisha aendelee kutoka pale ilipoishia. Faili linalotumwa lisikatwe wala kuandikwa juu yake kabla halijaisha kutoka. Toleo jipya lipewe faili lake. Na kwenye mfumo ambao sendfile inakataa aina ya faili au soketi iliyopo, programu irudi kwenye read na write. Itakwenda polepole zaidi, lakini mzigo utafika.